Masinia ya Gari la Ndugu Hilary

Silvesta alikuwa fundi bati kabla hajawa fundi magari, na hata uzeeni alitaka watu waliseme hilo kwa mpangilio huo. Ufundi aliupata Nachingwea, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Aliingia kama kibarua wa kubeba mbao, akatoka akiwa anaweza kukunja bati mara tatu bila kulipasua. Mradi ulipokufa alirudi Masasi na sanduku la vyuma, akajenga banda nyuma ya nyumba yake, akawa anatengeneza ndoo, mifereji ya paa, na chochote kilichogongwa na kupinda. Alikuwa mtu mtaratibu. Mkewe Dominika alizoea kusema kwamba Baba Ethel ana hasira mbili kwa mwaka, moja ya kiangazi na moja ya masika. Mwaka 1970 alimaliza akiba yake yote ya hasira, na aliyemmalizia ni Ndugu Hilary.

Hilary alikuwa afisa elimu, kijana wa kutoka Moshi, mrefu, mwenye adabu, na mwenye jibu kwa kila jambo. Yeye alipangiwa Masasi. Mkewe Claudia, ambaye alikuwa muuguzi, akapangiwa Newala. Wizara mbili zilikuwa zimewagawana bila kuulizana. Basi kila Jumamosi baada ya kazi Hilary alipanda kwenda Newala kwa mkewe, na Jumapili jioni alirudi. Alipanda kwa gari alilonunua kwa mwalimu mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao: gari dogo jekundu la mashindano, viti viwili, paa la turubai, mwili wa plastiki ngumu, jepesi kiasi kwamba wanaume wanne waliweza kuliinua na kuligeuza lielekee walikotaka. Kwenye mkutano wa tawi mwenyekiti aliwahi kumuuliza kama gari lile halina harufu ya ubepari. Hilary akajibu kwamba linakunywa petroli kidogo kuliko pikipiki ya mwenyekiti. Mwenyekiti akapita kwenye ajenda iliyofuata, maana ilikuwa kweli.

Tatizo lilikuwa tumbo la gari. Huko lilikotoka barabara ni za lami, na aliyelitengeneza hakuona sababu ya kulifunika chini. Barabara ya Newala wakati ule ilikuwa imechimbwa na malori ya mizigo ya kwenda mpakani, kwa ajili ya vita vya Msumbiji. Magurudumu yao yaliacha mitaro miwili, na katikati tuta la mchanga na visiki. Gari la Hilary lilipita juu ya tuta hilo kama mtu anayeburuzwa kwa miguu.

"Shikamoo, fundi," alisema siku ya kwanza, akiwa ameshika ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la magari.

"Marahaba. Nini hicho?"

"Trei za chini. Tazama picha. Unafunika injini, unafunika katikati, unafunika nyuma chini ya tangi. Upepo unapita bila kukwama, mchanga hauingii. Lakini fundi, sharti moja. Usilitie uzito. Uzuri wa gari hili ni wepesi wake."

Silvesta alilala chali chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka alisema kazi inawezekana ila plastiki haishiki bolti, kwa hiyo lazima aning'inize mabati kwenye fremu kwa vyuma. Hilary akasema vyuma vitaongeza uzito. Silvesta akasema bila vyuma litapasuka. Hilary akaonyesha picha tena. Kwenye picha hakukuwa na vyuma.

"Sawa," alisema Silvesta. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na alilijutia mwaka mzima.

Alikuwa na mabati ya aluminiamu aliyotoka nayo Nachingwea, masafi, aliyoyatunza miaka yote akingoja kazi inayostahili. Alipima, akakata kwa mkasi, akakunja kingo kwa nyundo ya mti, vipande vitatu vilivyokaa kama vimezaliwa na gari. Dominika alipoviona vimeegemezwa ukutani aliuliza hayo masinia makubwa ni ya harusi ya nani. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyesema trei ila Hilary. Yakawa masinia. Hilary aliyachukua hadi kwenye mizani ya ushirika ya kupimia korosho kabla ya kukubali yafungwe. Kilo tisa na robo. Akauliza kama haiwezekani kupunguza hiyo robo.

Silvesta aliyafunga kwa bolti ishirini na nne. Jumatatu asubuhi gari lilirudi likiwa na masinia mawili. La nyuma lilikuwa limeng'oka na kipande cha plastiki, sawasawa na alivyosema.

"Fundi, bolti zako hazikushika."

"Bolti zilishika, Ndugu Hilary. Zimeshika hicho kipande mkononi mwako. Gari ndilo halikushika."

Safari hii aliweka vyuma, na hakuomba ruhusa. Wiki iliyofuata sinia la mbele lilirudi limejikunja kama chapati, kwa sababu ukingo wake ulichota tuta lote la mchanga. Akaukunja ukingo kwenda juu na kuuficha nyuma ya bampa, akapanga masinia yapandiane kama makuti, la mbele likishuka chini ya la nyuma, ili pasiwe na mdomo wa kuchota kitu. Kazi nzuri. Yeye mwenyewe aliisifu, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo. Wiki iliyofuata maji ya rejeta yalichemka kwenye kupanda Newala, kwa kuwa hewa ya moto haikuwa na pa kutokea. Akatoboa matundu na kuyainua midomo kwa nyuma. Halafu Hilary akaja kubadilisha oili, na ili kufikia sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilibidi kufungua sinia zima. Akakata mlango wa duara chini ya sampu. Halafu majani makavu yakaingia kwenye matundu, yakakaa juu ya ekzosi, na Hilary akasimama njiani akizima moshi kwa koti lake la kazini.

Kila mara alirudi na tabasamu na ukurasa wake wa gazeti. Kila mara sinia la nyuma, lile la chini ya tangi, lilikuwa limekwanguka mpaka linang'aa. Hilo ndilo Silvesta hakulielewa. La mbele lilikuwa na mikwaruzo ya kawaida, la katikati hivyo hivyo, la nyuma limesagwa. Injini ya gari iko mbele. Mbele ndiko kulikopaswa kugusa.

"Jumamosi nakwenda na wewe," alisema mwishowe. "Nataka nione kwa macho yangu unalifanyia nini."

"Vizuri sana, fundi! Claudia atafurahi."

Jumamosi Silvesta alifika nyumbani kwa Hilary saa saba na sanduku dogo la spana. Akamkuta anafunga buti la gari kwa kamba. Buti halikufunga. Ndani kulikuwa na madumu mawili ya maji, kila moja la lita ishirini, na nyuma ya viti lingine la tatu, limefunikwa kwa kanga.

Silvesta aliyatazama yale madumu. Akamtazama Hilary. Akayatazama tena.

"Unapakia haya kila wiki?"

"Kila wiki. Newala hakuna maji, fundi, unajua mwenyewe. Siwezi kumwacha mke wangu anahangaika na foleni ya bomba."

"Kilo sitini."

"Sitini hivi, na ushee kidogo."

"Na mimi uliniomba nipunguze robo."

Hilary alionekana kuumia kidogo. Alisema robo ya kilo ni ya gari, lakini maji ni ya Claudia, hayo ni mambo mawili tofauti. Silvesta akaingia ndani ya gari. Magoti yake yalifika kidevuni. Njia nzima alisikia sinia lake likisaga mchanga chini ya matako yake, na kila lilipogonga kisiki alifumba macho kana kwamba anapigwa yeye.

Kabla ya kuanza kupanda kulikuwa na kizuizi cha wanamgambo. Siku hizo mpakani hapakuwa na mchezo, na kila gari lilikaguliwa. Mkubwa wao aliinama, akagonga tumbo la gari kwa fimbo. Likalia kama debe tupu.

"Kuna nini humu ndani?"

"Hakuna kitu," alisema Hilary. "Ni trei."

"Trei ya nini?"

"Ya upepo."

Yule mgambo aligonga tena kwa fimbo. "Mmefunika chini ya gari kwa mabati ili kuficha upepo?"

Hilary akatoa ukurasa wake wa gazeti. Silvesta akaomba moyoni asiutoe, lakini ukatoka. Wanamgambo watatu waliutazama, wakampa mwenzao wa nne. Kisha mkubwa wao akasema, kwa upole, kwamba mabati yafunguliwe yote. Jua lilikuwa la saa tisa. Silvesta alitandika gunia mchangani, akalala chali, akafungua bolti moja baada ya nyingine huku mchanga ukimwagikia usoni. Sinia la kwanza lilitoa mchanga wa kujaza makarai mawili. La pili likatoa majani, mkia wa mjusi, na spana aliyokuwa ameitafuta tangu Agosti na kumlaumu jirani yake Bartholomayo kwa ajili yake. La tatu halikutoa kitu.

"Haya, fungeni, mwende," alisema mgambo.

Silvesta alikaa mchangani na kumwambia Hilary, bila kupandisha sauti, kwamba wanawe wakimuuliza baba yao alifanya nini mwaka ule ambao nchi nzima inajenga taifa, atawaambia alifunga na kufungua tumbo la gari ambalo mwenyewe halihurumii. Wanamgambo walicheka. Hilary alicheka pia, jambo lililomzidishia Silvesta uchungu.

Walifika Newala jioni. Claudia alitoka mlangoni akiwa bado amevaa nguo za kazi, mama mdogo wa umbo, mwenye mimba ya miezi mitano hivi. Alimpokea mumewe, akamwamkia Silvesta shikamoo, akamwonea huruma kwa mchanga uliojaa kwenye nyusi. Hilary alishusha madumu moja moja kwa fahari, akayapanga ukumbini, kisha akaenda kumsalimu mkuu wa shule wa jirani.

Silvesta aliomba maji ya kunawa. Claudia hakugusa madumu. Alizunguka nyuma ya nyumba na kurudi na ndoo iliyojaa mpaka juu.

"Yametoka wapi haya, mama?"

"Tangini. Nyumba hii ni ya zahanati, ina tangi la mvua, mbona hata sijafika katikati yake." Alisita, akatazama njia aliyokwenda mumewe. "Yale ya Masasi yana ukakasi, baba. Nawapa majirani waogeshee watoto."

Silvesta alikaa chini kwenye ngazi, mikono ikidondosha maji.

"Kwa nini humwambii?"

"Mara ya kwanza aliyaleta nilikuwa sijapewa nyumba hii. Alikuja amelowa, dumu limemwagikia, anacheka. Nikafurahi mno. Halafu nikahamia hapa, nikasema nitamwambia wiki ijayo." Akapangusa mikono yake kwenye aproni. "Anakaa huko peke yake wiki nzima, baba. Analo hilo moja la kunifanyia. Naomba usimwambie."

Hilo nalo lilimkasirisha, na hakujua amkasirikie nani. Alikuwa ametumia mabati yake bora, miezi minne na ngozi ya vidole vyake kulinda tangi la petroli dhidi ya maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Angeweza kusema neno moja tu Hilary akirudi, na kazi ingekwisha. Hilary akarudi, akauliza, "Fundi, umeona tatizo?"

Silvesta alimtazama Claudia, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo.

"Nimeona," alisema. "Springi za nyuma zimechoka. Ni kosa langu, ningeanza na hizo."

Kesho yake alikataa kurudi na gari. Alipata lori la korosho, akakaa juu ya magunia mpaka Masasi, akafika amechoka lakini miguu imenyooka. Dominika alipomuuliza safari ilikuwaje, alimsimulia yote kwa sauti ya juu, akizunguka uani. Alipofika kwenye habari ya tangi la mvua, Dominika aliacha kupepeta mchele.

"Na hukumwambia?"

"Sikumwambia!"

"Sasa unamfokea nani, Baba Ethel?"

Silvesta akaenda bandani kutafuta tairi. Jumatatu alikata vipande vinene vya tairi la lori, akavitia juu ya springi za nyuma, gari likapanda upana wa viganja viwili. Chini ya tangi aliondoa aluminiamu akaweka chuma kizito cha pipa. Hilary alipoliona alisema limeinama mbele kama kuku anayedonoa. Akauliza chuma kile kina kilo ngapi. Silvesta akamwambia akikipeleka kwenye mizani, atamwachia gari humo humo bandani likiwa vipande. Ndiyo mara pekee watu walipomsikia akimtishia mteja.

Masinia hayakung'oka tena. Gari lilipanda na kushuka na madumu yake mpaka Machi, Claudia alipopata uhamisho wa kuja Masasi. Walishuka wote watatu, mtoto wao wa kike, Justina, akiwa mapajani mwa mama yake, na nyuma ya viti ambapo dumu lilikaa safari hii palikuwa na beseni na neti ya mbu. Hilary alipita bandani kumwonyesha fundi mtoto. Silvesta alimpokea kwa mikono iliyojaa grisi, akamrudisha haraka.

Wiki ile ile Hilary alikuja tena. Sasa haendi Newala, alisema, kwa hiyo kile chuma cha nyuma hakina kazi. Hakiwezi kutolewa, kupunguza uzito? Silvesta alikuwa chini ya trekta la mmoja wa wakulima wa Chidya. Alimwambia kutoka huko huko chini aje Jumatatu. Jumatatu akaondoka kwenda Lulindi kutengeneza mfereji wa paa la kanisa, kazi ya siku mbili, akakaa huko wiki mbili na nusu.

Gari liliuzwa mwaka uliofuata kwa mfanyabiashara wa Lindi. Silvesta aliendelea na banda lake mpaka macho yalipomshinda. Mgeni akileta gari, hakuuliza kwanza lina ugonjwa gani. Alizunguka nyuma, akafungua buti, akatazama kilichomo.