Ng'ambo ya Justin

Shemeji yangu Justin hajawahi kusema uongo. Nalisema hili mapema, maana kuna watu hapa Kivukoni mpaka leo wanamwita mwongo, na mimi niliyemvumilia tangu amwoe mdogo wangu Serafina sipendi mtu aonewe. Uongo una kazi yake. Lazima uutunge, uukumbuke, uutetee mbele za watu. Justin hana bidii hiyo hata kidogo. Yeye hunyamaza tu, watu wanajidanganya wenyewe, halafu anaitikia amina.

Kwanza mumjue. Kabla daraja halijajengwa, mto tuliuvuka kwa pantoni, na pantoni ilikuwa na nafasi ya magari kuliko ya watu. Asiyetaka kuisubiri alipanda mtumbwi wa Justin. Mtu alifika ukingo wa pili, kule upande wa Ulanga, akaweka viganja mdomoni akaita, "Ng'ambo weee!" Na Justin, hata kama tonge liko mkononi, aliliweka chini akasimama. "Nakujaaa!" Akashika pondo, mti wake mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaenda. Amevusha maharusi, amevusha wagonjwa, amevusha majeneza na waliokuwa wakiyalilia. Alipenda kusema mtu akiita mara mbili ni aibu ya mvushaji, si ya mwitaji.

Ndiyo maana kwenye kila shughuli alipewa kiti. Msidhani ni mapenzi. Nani angemkalisha mvushaji kwenye mkeka, halafu jioni amwombe amrudishe kwao?

Likaja daraja. Mimi sina ugomvi nalo, magari yanasimama, samaki wangu wa kukaanga wanakwenda. Justin ndiye alikuwa na ugomvi. Alikwenda kulitazama, akalizunguka, akalipiga teke nguzo, akarudi anachechemea. Harusi ya kwanza baada ya hapo akaonyeshwa mkeka. Akakaa, wali akaula, nyama akaila, lakini nyumbani alimwambia mke wake kwamba mkeka ule ulikuwa na kunguni. Kila mkeka aliokalishwa tangu siku hiyo ulikuwa na kunguni. Maskini, sijui wilaya nzima ilipatwa na nini.

Sasa binti yao, Happyness, yuko kidato cha tatu, sekondari moja ya mjini Ifakara, analala bweni. Jumamosi moja alikuja nyumbani akihema kwa furaha. Mimi nilikuwa pale uani nampasua kambale, kwa hiyo nilisikia kila neno, na asije mtu akaniambia vingine.

"Baba, Mwalimu Beatus wa Jiografia anatupeleka ziara nje ya nchi."

"Nje wapi?"

"Zambia. Tunapanda treni hapa Ifakara mpaka Kasama, kuna shule imetualika. Tutaona na maporomoko ya maji."

Justin alifikiri. "Huko Zambia ni ng'ambo?"

"Ni ng'ambo ya mpaka, baba. Ndiyo."

"Ng'ambo," alisema, na mimi niliyemjua miaka yote nikaona macho yanang'aa nikajua tumekwisha. Akavaa shati, akatoka na hilo neno moja. Zambia aliiacha nyumbani.

Alipita kwa Bwana Raimundi mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huyu Raimundi amefika kila mahali panapouzwa mchele, na kila alipofika lazima atutajie. Justin akamwambia, "Mwanangu anakwenda ng'ambo." Raimundi akashtuka: "Ng'ambo? Ulaya?" Justin akatazama juu mawinguni. Hakusema kitu. Alitazama tu. Basi, kufikia magharibi Happyness wetu alikuwa ameshafika Ulaya, wengine walisema Ujerumani, wengine walisema Roma kwa Baba Mtakatifu, na yeye mwenyewe alikuwa amesharudi bwenini anafua soksi.

Alhamisi tukasali jumuiya nyumbani kwao. Katekista Theodori ana sauti ya maombi, akipewa nafasi hamwachi Mungu apumue. Akamwombea mtoto wetu, akaiombea ndege atakayopanda ipae salama, itue salama, isipite kwenye mawingu mabaya. Nikamgeukia Justin. Amefumba macho, mikono kifuani, mtakatifu kabisa. "Amina!" Nyumba nzima ilitikisika.

Baada ya sala katekista mwenyewe alisogeza kiti, kile cha plastiki chenye mikono, akasema, "Mzee Justin, kaa." Mweh! Jinsi alivyokaa! Taratibu, kwanza upande mmoja, halafu wa pili.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Nina hasira za karibu, Serafina atawaambia.

"Shemeji, waambie watu ni Zambia."

"Kwani Zambia si ng'ambo?"

"Ng'ambo."

"Sasa nimemdanganya nani?"

"Na ndege je?"

"Katekista kaombea ndege. Ndege zote zinahitaji maombi, shemeji. Wewe unataka zianguke?"

Nilitaka kumpiga na mwiko. Naye akainama, akaokota kijiti, akaanza kukivunjavunja. "Restituta," alisema. Huwa ananiita shemeji, jina hulitaja akiwa ameshindwa. "Tangu daraja lile, umewahi kusikia mtu ananiita?"

Nilirudi kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa, nikiwa na uchungu naye na uchungu kwa ajili yake, na vyote viwili vilinikera.

Basi maagizo yakaanza. Jirani yetu Mama Kija alitaka koti la baridi. Kwaya ilitaka kinanda. Raimundi aliagiza viatu, akasisitiza viwe vya ngozi ya kweli, si vya kubandika. Justin alisikiliza yote, akitikisa kichwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Siku ya kuondoka aliwatangazia majirani kwamba wasindikizaji hawaruhusiwi. Wapi hawaruhusiwi, hakuna aliyemuuliza. Tukaenda stesheni watatu tu, yeye, Serafina na mimi, tunapita vichochoroni kama wezi wa kuku.

Njia ya mwongo fupi, na ya mnyamavu nayo si ndefu. Treni ya kurudi ilifika kwa wakati wake, wakati ambao Justin peke yake hakuuombea. Nyumbani walikuwa wanapika. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, kila nyumba ina mchele, na watu wenye mchele hawahitaji sababu kubwa ya karamu. Justin alisema yeye abaki apokee wageni. Nikatumwa mimi stesheni.

"Shikamoo mama mkubwa!"

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Panda bajaji, tuna mazungumzo."

Nilimweleza njiani. Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona sura yangu, kicheko kikamkauka.

"Wote wanajua nimetoka Ulaya?"

"Wote. Wamekukalia uani wanasubiri."

"Nikisema kweli?"

"Baba yako atarudi mkekani mpaka azikwe. Tena safari hii watamcheka."

"Na nikidanganya?"

"Utakuwa umemshinda yeye. Yeye hajadanganya."

Tukakata kona ya kwao. Akasema, "Nitajibu wanachoniuliza tu." Nikamwambia damu ya baba yake haijapotea bure.

Uani watu wamejaa. Justin kwenye kiti chake cha mikono, shati jeupe, shingo imenyooka. Vigelegele, pole na safari, karibu tena nyumbani. Happyness alimpa mama yake kitenge, mama yake akakinusa akasema kina harufu ya ng'ambo. Wakamkalisha katikati.

"Eti huko kuna baridi?" aliuliza Mama Kija.

"Baridi sana. Asubuhi unatoa moshi mdomoni."

"Umeona!" Mama Kija aliwageukia wenzake. "Ndiyo maana niliagiza koti."

"Wanasema lugha gani?" aliuliza katekista.

"Darasani Kiingereza."

"Mnaona. Kiingereza. Hata watoto?"

"Hata watoto."

Justin alianza kupumua. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kufikiri kumbe tutapita salama.

"Na chakula?" aliuliza Raimundi huku akijimiminia mchuzi. "Si mikate tu na siagi?"

"Ugali," alisema Happyness.

Watu wakatazamana. Katekista alifurahi kweli. "Ugali! Wazungu nao wameelewa!"

"Wao wanauita nshima."

Lo, mtoto wa watu. Raimundi aliweka bakuli chini. "Unasema wanauita nini?" Akasimama. "Nshima ni Zambia! Mimi hapo Nakonde nakwenda na mchele, navuka mpaka nakunywa soda narudi! Ulaya gani hii? Justin! Mtoto katoka Zambia!"

Kicheko kilichofuata sipendi kukikumbuka. Mama Kija alifuta machozi. Kijana mmoja wa kwaya alipiga magoti akaanza kuiombea ndege kwa sauti ya katekista, na katekista, ambaye wiki nzima alikuwa amejivunia ile sala, alicheka kwa nguvu kuliko wote ili isionekane kwamba ni yeye anayechekwa. Wote hao walikuwa na wali wa Justin mdomoni.

Justin alisimama kutoka kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisimama mwenyewe, akakisogeza pembeni taratibu. Halafu akamuuliza binti yake swali ambalo hakuna mwingine angeliuliza.

"Huko mpakani, mto wake ni mpana?"

"Hakuna mto, baba. Treni ilisimama, akapanda ofisa, akatutazama, akashuka. Tukaambiwa tumeshavuka."

"Nani aliwavusha?"

"Hakuna mtu."

Hapo ndipo nilipoona ameumia. Kile kicheko alikuwa amekistahimili. Hili hakuliweza. Alisimama pale na shati lake jeupe.

"Lakini baba," Happyness alisema kwa sauti, akiwageukia wote, "ile shule ilitupanga mbele, mwalimu wao mkuu akatutambulisha. Alisema hawa ni wageni wetu kutoka ng'ambo. Ni sisi. Walitupa viti, wao wakakaa chini kwenye nyasi. Mmoja aliniuliza kwetu ng'ambo kukoje. Nikamwambia baba yangu ndiye aliyekuwa akivusha watu."

"Ngoja," alisema katekista. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Sisi? Sisi hapa ndio ng'ambo?"

"Ya kwao, ndiyo."

"Upuuzi," alisema Raimundi, lakini alikaa. Mama Kija alijitazama kanga aliyovaa, juu mpaka chini.

Tulipogeuka, Justin hayupo. Serafina akaanza kulia na kunilaumu mimi, kwa sababu nilikuwa karibu. Tukatoka mbio mpaka ukingoni na karamu nzima ikatufuata, maana watu hawa aibu ya mwenzao hawaikosi hata wakiwa na tonge mkononi. Tukamwona. Alikuwa ameshausukuma mtumbwi wake mkuukuu, yuko katikati ya mto na pondo lake, daraja liko juu ya kichwa chake na malori yanapita. Hakuangalia juu. Alifika ukingo wa pili, akafunga mtumbwi, akapanda juu penye mchanga. Akatugeukia. Akaweka viganja mdomoni.

"Ng'ambo weee!"

Nimezaliwa Mahenge, nimeolewa hapa, nimezeekea hapa, na sijawahi kuitwa jina hilo. Tulisimama tunatazamana, Raimundi na bakuli lake, katekista na sala zake. Hakuna aliyeitikia. Si kwamba hatukutaka. Upande huu, kuitikia ilikuwa kazi yake yeye siku zote, na hatukujua inafanywaje.

"Ng'ambo weee!"

Mara ya pili hiyo. Nikatupa tonge, nikashika kiuno, mimi nisiyejua hata kushika pondo, nikapiga kelele mpaka koo likaniuma, "Tunakujaaa!"

Mtumbwi alikuwa nao yeye. Kwa hiyo tulipita darajani, kwa miguu, karamu nzima, Happyness mbele amejitwika kile kiti cha plastiki kichwani. Raimundi naye alikuja, eti alitaka kuona mwisho. Justin alitusubiri bila kusogea. Happyness akaweka kiti kwenye mchanga, akakipangusa kwa mkono. Justin akakaa, kwanza upande mmoja, halafu wa pili, akatutazama wote tulivyokuwa tunahema.

"Mmechelewa," alisema. "Enzi zangu mtu haiti mara mbili."