Breki Baridi

Mtaani walimwita Kioo, na hata mke wake alimwita hivyo mbele za watu. Alikuwa fundi wa vioo: vya madirisha, vya makabati, vya kujitazamia. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na katikati palikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu ili kioo kisiumie. Vidole vyake vilijaa makovu, lakini mkono wake haukutetemeka. Anachora mstari kwa kisu cha kukatia kioo, anagonga kidogo kwa chini, anakivunja, tak, na ukingo unatoka umenyooka kama umechongwa.

Mtu mpole namna hiyo, mtu wa taratibu namna hiyo, alikuwa na ugonjwa mmoja. Gari.

Wala si gari la kubebea vioo. Lilikuwa gari la michezo, dogo, la milango miwili, limeinama mbele kama paka anayenyemelea panya. Alilikuta nyuma ya nyumba ya mteja, kuku ametagia kwenye kiti cha dereva. Akaiwekea nyumba ile vioo vyote vipya, na ujira wake ukawa lile gari, kuku akabaki na mwenyewe. Kuanzia hapo akalijenga kidogo kidogo kama mtu anayejenga nyumba bila mkopo. Leo injini, kesho springi ngumu, halafu kiti kinachomkumbatia dereva mbavuni asiyumbe kwenye kona. Mke wake alihesabu ndoa yao kwa vipuri. Ukimuuliza mtoto wao alizaliwa lini, atakwambia, "Mwaka ule wa bomba la moshi."

Mama mkwe naye hakukosa neno. Siku ya kwanza kuliona aliuliza ni gari la aina gani.

"Mama, hii inaitwa kupe."

"Nimeamini, baba. Kupe ndiye hunyonya asishibe."

Likabaki na jina hilo.

Mke wa Kioo alifanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati, upande wa pili wa bonde. Hakulichukia gari. Alichofanya ni kuliwekea sharti: "Nyumba hii inaweza kufuga gari moja tu. Kwa hiyo Kupe akashindane mbio uwanjani Jumapili, na Jumatatu anipeleke kazini. Akishindwa kimoja, atafute kwao."

Ndiyo maana kila kitu alichokifunga Kioo ilibidi kitumikie mabwana wawili, na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu kinachokupa raha kwenye uwanja wa mbio mara nyingi ni balaa barabarani. Springi alizipima zisiwavunje watu migongo. Bomba la moshi alilitulizia sauti majirani wasije na fimbo. Likabaki suala la breki. Breki za kawaida zilimwishia uwanjani baada ya mizunguko michache, pedali ikalegea, na Kioo akarudi nyumbani amenuna.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, makanika, ndiye aliyemletea pedi mpya, vile vibamba vinavyoibana sahani ya gurudumu mpaka gari lisimame.

"Shemeji, nisikilize vizuri," alisema, akimnyooshea spana usoni. "Hizi ni za uwanjani. Zikipata moto zinauma kama mbwa. Zikiwa baridi, ni mbao."

"Mbao?"

"Utakanyaga pedali, itakuwa ngumu kama jiwe, na gari litaendelea na safari zake. Ukimaliza mbio, unazitoa palepale, unarudisha za kawaida. Usije ukaniambia ulichoka."

"Mimi nichoke? Wa kwenu ndio wavivu, wote, ukimtoa dada yako."

"Haya. Mdomo huo huo uutumie kufungulia nati."

Na kweli, kila Jumapili Kioo alizitoa. Mpaka Jumapili moja mvua ilipowashukia uwanjani kama ndoo iliyopinduliwa, watu wakakusanya vitu vyao mbio mbio, na Kioo akajiambia atazibadilisha nyumbani. Njiani breki zilikuwa bado zina moto wa mbio, zikamshikia vizuri. Alipofika alivua kiatu kimoja, akakaa kitini kuvua cha pili, usingizi ukamchukua hivyo hivyo.

Asubuhi yake nyumba ilikuwa na haraka. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa ajili ya goti lake, ana miadi kwenye zahanati ile ile ya binti yake, na kumwingiza ndani ya Kupe ilikuwa kazi ya watu wawili.

"Hili si gari, ni shimo lenye magurudumu," alilalamika, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mkwe, unanishusha kaburini na bado napumua!"

Kioo alicheka, akamwekea kifuko chake cha dawa mapajani, akaenda kufungua lango. Gari lilitambaa mpaka langoni, mkewe akagusa breki kumpisha mtu wa baiskeli. Magurudumu yalitoa sauti nyembamba, kwiii. Kisha wakatoka. Kioo akawapungia mkono.

Akaingia karakana, akalaza kioo kikubwa cha kabati juu ya blanketi, akaweka rula. Alikuwa bado na usingizi machoni, akasahau kuchovya kisu kwenye mafuta ya taa. Kisu kikavu kilipopita juu ya kioo kililia.

Kwiii.

Mkono ukasimama. Pedi za kawaida hazilii. Hazijawahi kulia hata siku moja. Zinazolia zikiwa baridi ni zile nyingine.

Kisu kilimteleza, kikachora mstari wa ovyo kutoka pembe hadi pembe, na Kioo hakuutazama. Alikuwa ameshashika simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena, na huku inaita akakumbuka kwamba haitapokelewa. Mkewe akiendesha huiweka simu ndani ya mkoba, na mkoba huutupa kiti cha nyuma. Aliyemfundisha hivyo ni yeye Kioo, na alimfundisha kwa ukali.

Akaiona njia yote kichwani. Mtaa wa maduka, tambarare, mtu anaenda pole pole, anaweza asigundue kitu. Baada ya maduka, mteremko. Mrefu, una kona moja mbaya, na chini kabisa unaangukia kwenye barabara kuu ya malori.

Alitoka mbio na aproni yake kiunoni. Penye kivuli cha ukuta alikuwepo mwenye pikipiki, anasugua kioo cha pembeni kwa kitambaa.

"Mteremkoni! Kimbiza!"

"Vaa kofia kwanza, bosi."

"Twende, bwana!"

"Huvai, hatuendi. Nina watoto mimi."

Kioo aliivaa nyuma mbele, akaigeuza, wakaondoka.

"Umeibiwa?" mwenye pikipiki alipaza sauti.

"Mke wangu! Yumo kwenye gari!"

"Na nani?"

"Na mama mkwe!"

"Sasa mama mkwe anaondoka mwenyewe, unamfukuzia nini? Mwache aende!"

"Gari halishiki breki!"

Mwenye pikipiki alizidisha mafuta. Aliinama juu ya usukani, na Kioo akamshika mabega kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma.

Waliyapita maduka ya mwanzo. Kwenye duka la saruji, lori lilikuwa linarudi kinyumenyume kuingia uani, limejilaza barabarani kama ng'ombe. Huku kuna ukuta, kule kuna mtaro. Utingo wake alikuwa akigonga bodi, "Njoo, njoo, bado, njoo," bila wasiwasi wowote duniani. Kioo alishuka, akapiga kelele ambazo mwenyewe baadaye hakukumbuka zilikuwa za nini. Utingo akamtazama. "Mzee, hata ukilia, lori halina mbawa." Alipiga simu tena. Iliita mpaka mwisho.

Lori lilipoachia upenyo, wakapita. Na hapo, pale maduka yanapokwisha na barabara inapoanza kuinamisha kichwa, akaona watu wamejaa.

Miguu yake ilitaka kwenda na haikutaka kufika. Barabara ilikuwa imelowa maji. Madumu ya maji yalikuwa yametapakaa, mengine yamepasuka, na mkokoteni umelala ubavu. Kando yake, mbele ya nyumba inayojengwa, Kupe alikuwa amezika pua yote ndani ya rundo la mchanga. Mlango wa dereva uko wazi. Kiti kitupu.

"Gari la mbio limekuja kula mchanga," mtu mmoja alisema, na mwenzake akajibu, "Lilikuwa na njaa."

"Waliokuwemo wako wapi?" Kioo aliuliza. Akauliza tena.

"Yule mama mmoja wamembeba, wamempeleka pale saluni."

Wamembeba. Alisukuma watu kwa viwiko, na ndipo akamwona mkewe. Alikuwa amechuchumaa na mwenye mkokoteni, wanaokota madumu pamoja, anayapanga kwa mstari kana kwamba ndiyo kazi iliyomtoa nyumbani. Mzima. Mchanga kwenye nywele, kiatu kimoja hana. Alipomwona Kioo alisimama, dumu bado mkononi.

"Mama?"

"Mzima. Wamembeba kwa sababu ya goti tu. Anatukana, kwa hiyo mzima."

Na kweli, kutoka mlangoni mwa saluni, juu ya kiti cha plastiki, mama mkwe alipiga ukelele: "Huyo amefika? Msogezeni karibu, sina sauti ya kutosha!"

Mkewe alizungumza pole pole. "Mkokoteni ulitoka pale kichochoroni. Nikakanyaga. Pedali ngumu, gari linakwenda. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, Kioo. Linakwenda. Nikavuta breki ya mkono, huyu baba akaruka, nikaugonga mkokoteni, nikageuzia kwenye mchanga."

"Ya mkono ilishika?"

"Ilishika kiasi. Kama ningekuwa nimeshaanza kushuka..."

Wote wawili waligeuka kutazama chini. Kule mwisho wa mteremko malori yalikuwa yakipita, moja nyuma ya lingine, madogo kama visanduku vya kiberiti.

Mama mkwe alikuwa bado anaendelea. "Na huyo mwanangu makanika leo atanitambua! Breki kagusa yeye! Nitamng'oa masikio yote mawili, atafungia spana kwa meno! Anataka kumwua dada yake?"

Watu walitikisa vichwa. Mafundi wa siku hizi, wakasema. Mkewe hakutikisa kichwa. Alimtazama Kioo tu, akingoja. Kwa kitambo kifupi njia ilikuwa wazi mbele yake, nyepesi, ya kupita mtu mmoja. Shemeji hayupo. Shemeji amezoea kutukanwa.

"Si yeye, mama," Kioo alisema. "Yeye alinionya. Pedi za uwanjani hazishiki zikiwa baridi. Ilinipasa nizitoe jana, sikuzitoa. Ni mimi."

Mama mkwe alifunga mdomo, jambo lisiloonekana mara nyingi.

Mkewe aliweka dumu chini. "Kwa hiyo ulitufungulia lango. Ukatupungia mkono."

"Nilisahau."

"Sikukuuliza kama ulisahau."

Mama mkwe ndiye aliyewakatiza. Miadi yake, alisema, haingoji ndoa ya mtu. Aliomba asimamishwe, akachechemea mpaka kwenye pikipiki, akavalishwa kofia juu ya mtandio.

"Kijana, hii ina breki?"

"Ina, mama."

"Za moto au za baridi?"

Watu waliangua kicheko. Akaketi upande, goti amelinyoosha, mkono mmoja kiunoni kwa kijana, wakateremka. Binti yake hakucheka. Alimfuata kwa macho mpaka pikipiki ilipovuka barabara kuu chini na kupotea upande wa pili.

"Zile za kawaida ziko wapi?" akauliza.

"Nyumbani, chini ya meza. Ngoja nitafute usafiri nizi..."

"Kwa miguu."

Alikwenda kwa miguu, akarudi amelowa jasho, na mfuko wa pedi begani, jeki mkononi. Fidia ya madumu na mkokoteni alikuwa ameshakubaliana na mwenyewe kabla ya kuondoka. Vijana walikuwa wamelivuta gari kutoka mchangani. Taa moja ilikuwa imepasuka na pua imekwaruzika, basi. Mkewe alikuwa ameomba ruhusa kazini na alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, kiatu chake amekipata.

Kioo alipoondoa gurudumu la kwanza, mkewe alisogea akachuchumaa kando yake. Hakusaidia. Alitazama. Kioo alipochomoa pedi ya uwanjani, mkewe alinyoosha mkono, akapewa. Akachukua na ile ya kawaida kutoka mfukoni. Akaziweka sambamba kwenye viganja viwili, akazigeuza huku na huku.

"Zinafanana."

"Zinafanana," Kioo alikubali.

"Basi mimi ningejuaje?"

Kioo akaichukua ile ya kawaida, akaipachika mahali pake. Aliendelea kukaza bolti, na mikono yake ile isiyotetemeka ilibidi iirudie bolti moja mara kadhaa.

Alipomaliza magurudumu yote mawili ya mbele, ndiyo yaliyokuwa na pedi zile, alizunguka kwenda mlango wa dereva. Mkewe alikuwa ameshakaa hapo.

"Pita upande wa pili."

Mkewe hakuelekea mteremkoni. Aligeuza, akarudi nyuma ya maduka, kwenye uwanja mkubwa wa ghala lisilotumika, ardhi ngumu, hakuna mtu, hakuna mti. Akasimama. Akaondoka kwa kasi, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukuta wa ghala ukiwajia, na Kioo akajikuta anakanyaga sakafu ambako hakukuwa na pedali. Ghafla mkewe akakanyaga. Gari lilichimba chini, Kioo akarushwa mbele mpaka mkanda ukamkata bega.

"Zimeshika," alisema, akihema.

"Sikukuuliza."

Akarudi mwanzo wa uwanja. Akaondoka tena, kwa kasi zaidi, akakanyaga tena, karibu zaidi na ukuta. Vumbi liliwapita likaenda kugonga bati. Akarudi tena. Kioo alishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Miaka yote ya uwanjani hakuwahi kulijua gari lake kutoka upande huu, upande wa mtu asiye na pedali.

"Tutaliuza?" aliuliza mwishowe.

Mkewe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anapumua kwa pua, macho yako ukutani.

"Bado sijafika huko," alisema. "Kaza mkanda."

Akaingiza gia.