Nilipojaza Tundu mu Komunike

Wakati tulikuwa wadogo kule Kibumba, radio haikuachwa iongee peke yake kama mugonjwa wa malaria. Ilikuwa na watu wa kuisikiliza. Nasema kusikiliza, si kuiwasha halafu kwenda kufua nguo.

Upande wetu wa kilima kulikuwa radio moja tu, ya Papa. Ilikaa juu ya kiti chake yenyewe, imefunikwa kitambaa Mama alichoshona maua. Sisi watoto tulikaa chini. Waya wa antene ulipanda mpaka juu ya mukaratusi, na mbuzi akijikuna ku ule muti, sauti ilienda zake Uganda. Asubuhi, ukungu ukiondoka, mapile yalitolewa mu tumbo la radio na kupangwa juu ya jiwe jeusi la volkano ili jua liyape nguvu tena. Wajukuu wangu wakisikia hivyo wanacheka. Wao telefone ikianza kuzima wanalia kama wamefiwa.

Saa kumi ya mchana zilipita komunike. Nyinyi wa rika langu munazijua: fulani amekufa, mazishi siku fulani, fulani aliye Goma arudi nyumbani haraka, mama yake ni mugonjwa. Majirani walikuja wakakaa ku benchi mbele ya nyumba. Viazi vilikuwa vinanukia mu majivu, lakini hakuna aliyeruhusiwa kutafuna kabla komunike hazijaisha. Papa alisema, "Meno yakilia, sikio linafungwa."

Sauti ya ile radio haikufika ku benchi. Basi Papa aligawa kazi. Sisi watoto watatu tuliweka masikio karibu kabisa: kaka yangu alishika majina, mimi nilishika mahali, dada yangu mudogo alishika siku na saa. Ikiisha tulitoka, tukasimama mbele ya majirani, tukasema moja moja, kila mutu na kipande chake. Na kulikuwa sheria. Kama sauti imepotea, usibuni. Sema, "Hapa sikusikia." Hilo tuliliita tundu. Tundu halikuwa aibu. Kukiwa tundu, mutu alitembea saa moja mpaka kilima cha pili kwa katekista, ambaye naye alikuwa na radio, akauliza: nyinyi mulisikia nini? Ndiyo ilikuwa kontrole yetu. Radio mbili, vilima viwili, na miguu katikati.

Leo kontrole iko na mashine. Mujukuu wangu Neema, anayeniita Tate, yaani bibi, anatumika kazi ku radio moja hapa Goma. Siku moja alinipeleka kuona kazi yake. Chumba cha baridi kama Kibumba mwezi wa saba, ordinatere ine, zile kompyuta, mistari ya kijani inapanda na kushuka.

"Tate, ona. Mistari ikikaa hapa katikati, tuko mu norme, kipimo ni sawa."

"Na maneno?"

"Maneno si kazi yangu, Tate. Mimi ni wa sauti."

"Wa maneno ni nani?"

Akaangalia huku na kule, akacheka. "Labda yuko mu ruhusa."

Alinieleza kwamba wakubwa wa kontrole walikuja kupima. Walipima urefu wa antene, wakapima nguvu ya mashine, wakauliza kizima-moto kiko wapi. Wakaandika rapore nene, wakakunywa fanta, wakaenda. Hakuna aliyeuliza kama jambo lililosemwa lilikuwa la kweli. Mwezi ule ule, komunike ya mazishi ya jirani yetu wa Ndosho ilisomwa ku radio yao, na muziki wa kucheza chini yake, na parokia ilikuwa ya uongo. Tulienda na nguo nyeusi, tukakaa mbele, tukalia vizuri kabisa, mpaka bibi-arusi akaingia. Nilirudi na hasira.

"Neema, mulisoma vibaya."

"Haiwezekani, Tate. Iko mu mashine. Tunarekodi masaa yote. Tuko na ushuhuda."

"Ushuhuda wa nini?"

"Kwamba ilipita, na sauti ilikuwa muzuri."

Nilitaka kumuchapa. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia niliwahi kupitisha komunike ya uongo, na sauti yangu ilikuwa muzuri sana.

Ilikuwa hivi. Siku ile kazi ya kuweka mapile juani ilikuwa yangu. Wasichana wenzangu walikuja na kamba ya kuruka, na mimi nilikuwa nawashinda wote, sasa nani ataacha? Nilipokumbuka mapile, jua lilikuwa limeshajificha mu mawingu. Niliyarudisha mu radio baridi vile vile, nikafunga mudomo. Papa alikuwa chini ku barabara, anapakiza viazi mu lori.

Saa kumi ikafika. Sauti ikaanza kama ya mutu aliye mu kisima. Kaka akashika jina: amekufa Nyiramana. Kisha sauti ikazama. Ikarudi: mazishi kesho kutwa, saa ine. Dada akashika siku. Kati yao kulikuwa kipande changu, na kipande changu kilikuwa hewa tupu.

Tukatoka mbele ya watu. Kaka akasema, "Amekufa Nyiramana." Macho yote yakaja kwangu. Nilijua nikisema sikusikia, Mama atauliza mapile yaliwekwa saa ngapi. Komunike mbili zilizotangulia zilikuwa za Bunagana. Nikanyoosha shingo nikasema, "Wa Bunagana."

Mama Feza, jirani yetu, aliruka kutoka ku benchi. Mama yake aliitwa Nyiramana na aliishi Bunagana. Alilia mpaka kuku wakakimbia. Muzee Semivumbi, aliyekaa karibu naye, alimushika mukono akamwambia, "Kaza roho, mama. Nenda umuzike mama yako. Mashamba yako tutayaangalia." Na kwa sababu nilisema bila tundu, hakuna aliyekwenda kwa katekista. Habari iliyonyooka haiulizwi.

Mama Feza alipanda lori asubuhi. Alifika Bunagana akilia, akamukuta mama yake kwenye uwanja anapepeta maharage. Muzee mwanamuke yule alimuangalia juu mpaka chini, akasema, "Umekuja kunizika, na hata sukari haukuleta?"

Alirudi siku ya tatu. Kilima chote kilicheka, hata yeye mwenyewe, akiisha kunitukana. Mimi nikadhani imeisha hapo.

Jioni ile ile akapita mutu kutoka kilima cha katekista. Alimukuta Muzee Semivumbi anapalilia kabichi, akashangaa. "Muzee, umesharudi? Mazishi ilikwenda namna gani?"

"Mazishi ya nani?"

"Ya dada yako. Nyiramana wa Masisi. Sisi wote tulisikia."

Dada yake alikuwa amezikwa jana yake.

Papa hakunichapa. Ningependa angenichapa. Alinishika mukono, tukaenda mpaka ku mulango wa Muzee Semivumbi. Muzee alikuwa amekaa ndani, jembe lingali na udongo. Papa akasema, "Ongea." Nikasema yote: kamba, mapile, na vile nilijaza. Sikulia, niliogopa kulia kwa nyumba ya mutu mwenye haki ya kunitangulia kulia.

Muzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mutoto, nisemee ile komunike. Isemee vile uliisikia."

"Amekufa Nyiramana. Wa wapi, sikusikia. Mazishi kesho kutwa, saa ine."

"Ungesema hivyo," alisema, "ningekwenda kwa katekista. Niko na dada wa jina lile, singelala bila kuuliza. Ni saa moja tu ya kutembea." Akaangalia miguu yake. "Saa moja tu."

Kesho yake niliomba Papa ampe mwingine kazi yangu. Papa akakataa. Nilipotoka kusimama mbele ya benchi, Muzee Semivumbi alikuwa amekaa palepale alipokaaga. Yeye akakohoa, akasema, "Anza, tunakungoja." Komunike ya kwanza kabisa ilikuwa na tundu. Nikalisema kwa sauti kubwa. Muzee akachukua fimbo yake, akasimama, akaenda kilima cha pili kuuliza, na mutu aliyekufa hakuwa hata wa ukoo wake.

Nimemuhadisia Neema haya yote. Alisikiliza, na telefone alikuwa ameigeuza chini, jambo ambalo sijaliona tangu ainunue. Mwishoni akasema, "Lakini Tate, leo watu wanaotusikiliza ni wengi sana. Nani atatembea kuuliza?"

Ni kweli, ni wengi. Habari inaingia Goma asubuhi, saa sita imeshafika kila pahali, na ukiuliza nani aliisikia kwanza, kila mutu anaonyesha mutu mwingine. Hatukuwa watakatifu, mumeona. Lakini uongo wangu ulikuwa na mulango wa mutu, na niliweza kuupigia hodi.

Siku yangu itafika, na haiko mbali. Wajukuu wataweka picha yangu ku telefone, pengine na miaka ya mutu mwingine, na watu mia watatuma picha ya mikono ya kuomba kabla ya kusoma jina. Radio itanisoma katikati ya matangazo ya sabuni na bia, mistari ya kijani ikikaa katikati muzuri kabisa. Sikatazi. Lakini kule juu Kibumba kungali vibibi ambao tuliruka nao kamba, na kule telefone haishiki. Naomba mutu mumoja apande kwa miguu, awaambie kwa kinywa, na wakiuliza jambo asilolijua, ashuke kuuliza, kisha apande tena.