Viazi Vilivyobaki Kwenye Ungo

Nilipokuwa mtoto, hakuna kiungo cha mwili wangu kilichochapwa kama kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na nikisema hivyo siyadharau makalio, ambayo nayo yalifanya kazi yake. Kidole hicho kilikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Kilihesabu mabehewa yakipita, kilihesabu mashimo ya paa letu, kilihesabu meno ya mchungaji akifungua kinywa kuimba. Hayo yote yalivumilika. Lakini kikielekezwa kwa watu, Kukhu alikidaka hewani na kukipiga kofi kama mtu anayeua mbu.

"Nafula, watu hawahesabiwi."

Kukhu ndilo jina tunalomwitia nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama yake Baba. Mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti iliyoweza kumsimamisha ng'ombe aliyeamua kwenda. Alikuja Nakuru kwa garimoshi kutoka magharibi, mwezi mmoja hivi kabla ya Krismasi, mwaka fulani katikati ya miaka ya hamsini. Alibeba kuku mmoja, gunia la viazi vitamu na binamu zangu wawili ambao hakuwa na mtu wa kuwaachia.

Hakuja kutembea. Mama alikuwa amejifungua kabla ya wakati, na ndugu yangu Simiyu alitoka mdogo kama mkate wa robo. Mama mwenyewe alikuwa na homa isiyoisha. Kukhu alimchukua yule mtoto, akamfunga kifuani ngozi kwa ngozi, akajitanda blanketi juu yake, na tangu siku hiyo hakumfungua ila wakati wa kunyonya. Alipika naye hapo, aliomba naye hapo, aligombana na muuza mkaa naye hapo. Nakuru wakati ule asubuhi ilikuwa na baridi ya kukatia nyama. Hata mimi, na akili zangu ndogo, nilielewa kwamba kifua cha Kukhu ndicho kilichomweka Simiyu duniani.

Shida ilikuwa kwamba Kukhu hakutakiwa kuwa pale.

Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, landi tulivyoziita: safu ndefu, chumba kimoja kwa kila familia, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye uliyesema pole. Baba alirusha makaa kwenye tanuri la garimoshi, na chumba kilikuwa chake, cha mkewe na cha watoto wake. Mgeni alihitaji ruhusa, na hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, ambapo ruhusa ya kusimama mahali ilikuwa ngumu kupata kuliko mahali penyewe. Baba alikuwa ameomba mara mbili akaambiwa angoje. Mtoto kama Simiyu hawezi kungoja. Ikijulikana, Kukhu angerudishwa kwao na Baba angeweza kupokonywa chumba.

Sasa, katikati ya mambo hayo, mimi nilikuwa najifunza Kiingereza.

Mwalimu wetu Elisha alitufundisha kwa kuimba. Muhula ule wa mwisho alitufundisha maneno ya miti na ndege, halafu ya Krismasi, theluji ikiwemo, ambayo alituchorea ubaoni kwa chaki nyeupe na kutuambia inaanguka kutoka mbinguni bila kumuumiza mtu. Tukamwamini. Halafu tukafika kwenye familia. Alisimama, akanyoosha fimbo na kuuliza, "Hau meni?" Mnaishi wangapi nyumbani? Nasi tulitakiwa kujibu kwa sentensi nzima, kwa sauti, tukitazama mbele kama askari.

Sentensi hiyo niliipenda kuliko chakula. Niliipeleka nyumbani, nikasimama juu ya gunia la viazi, nikaanza kumwelekezea kila mtu kidole: wan, tuu...

Kofi.

"Watu hawahesabiwi, nimekwambia."

"Mwalimu amesema tufanye mazoezi, Kukhu."

"Mwalimu wako ahesabu watoto wake. Ukitaja watu kwa idadi, unamrahisishia anayesikiliza. Anajua sasa akitoa mmoja watabaki wangapi."

"Nani anasikiliza?"

Alimpapasa Simiyu mgongoni juu ya blanketi. "Huyo hujulikana akishachukua," akasema.

Nililala nikiwa nimekikunja kile kidole ndani ya ngumi.

Mtauliza, sasa yeye alijuaje kama wote wapo? Kukhu alikuwa na njia yake. Alichemsha viazi, akavikata, akaweka vipande kwenye ungo huku akiwawaza watu kwa sura zao: huyu, na huyu, na yule mkorofi. Kisha aliita. Kila mtu akachukua chake. Ungo ukibaki mtupu, wote wamo nyumbani. Kipande kikibaki, alitoka nje na kuita jina, bila kukosea. Kitu pekee alichoniruhusu kuhesabu ni wale ndege heroe wa ziwani, kwa sababu, alisema, hata huyo anayesikiliza angechoka nao.

Mkesha wa Krismasi Baba alikuwa kazini, njiani huko na makaa yake. Tangu asubuhi Kukhu alikuwa amechemsha viazi vya vyumba viwili, chetu na cha jirani yetu Mama Josefu, maana tulikubaliana kula sikukuu pamoja. Mama Josefu naye alikuwa na wageni wa kujificha: dadake na watoto wake, waliokuja kwa sababu ambazo watu wazima walizinong'ona. Josefu alikuwa darasani kwangu na alikuwa bingwa wa Kiingereza. Mimi nilikuwa wa pili. Sina uchungu, nasema tu.

Saa nane hivi mchana tulisikia viatu. Alikuja mzungu wa kukagua nyumba, soksi hadi magotini, pamoja na askari mmoja Mwafrika. Hakuna aliyetarajia ukaguzi siku kama ile, na nadhani ndiyo sababu ulifanywa siku kama ile.

Walianza kwa Mama Josefu. Ukuta ulituletea kila kitu. Mzungu aliuliza swali lake kwa Kiingereza, na kwa kuwa watu wazima wote walinyamaza, lilimwangukia Josefu, na lilikuwa lile lile la Mwalimu Elisha, neno kwa neno.

Nikamsikia akivuta pumzi. Akatoa sentensi nzima. Kwa sauti. Naapa alikuwa anatazama mbele. Na hesabu ilikuwa sahihi kabisa, dada ya mamake na watoto wake wote wakiwemo.

Halafu ikaja sauti ya sanduku la bati likiburutwa kwenye saruji.

Kukhu aliketi pembeni akiwa amemfunika Simiyu. Binamu zangu walijibana nyuma yake kama vifaranga. Mama alijiinua kitandani, akashindwa, akanitazama mimi. Pazia la mlango likafunguliwa.

Mzungu alikuwa amechoka na jasho linamtoka. Alitazama ndani, gizani kidogo, akaniona nimesimama mbele, akauliza. "Hau meni?"

Nawaambia ukweli, jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limevaa viatu tayari. Hakuna mtu hai aliyewahi kuniuliza kitu kwa Kiingereza nje ya darasa, na hapa swali langu lenyewe lilikuwa limenifuata hadi mlangoni. Nikamtazama Kukhu. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza jicho. Aliutazama mkono wangu tu.

Nikakunja kidole. Lakini mdomo ulishafunguka, na mdomo wangu ukifunguka lazima utoe kitu. Nikatoa somo lililotangulia lile, la kutambulisha watu na vitu.

"Dhis iz mai mada," nikasema, nikaelekeza kiganja kizima kwa Mama, kama mchungaji anayebariki.

Mzungu akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwonyesha Kukhu: na huyu? Somo letu lilikuwa halijafika kwa nyanya. Nikafikiri haraka. "Dhis iz mai mada."

Mama wawili? Nyusi zikapanda. Nikaona kitu mdomoni mwake kikicheza, kicheko kinachokataa kutoka, na hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipoharibika maisha yangu yote. Nikaongeza sauti. Dhis iz mai brada. Dhis iz mai brada. Yule binamu wa pili alikuwa msichana, lakini nilishachukua mwendo. Dhis iz a hen. Dhis iz a windo. Nikamtambulishia jiko, nikamtambulishia koti la Baba ukutani kwa jina la Baba na kulipigia saluti. Mzungu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Niliposema dhis iz sno nikionyesha unga, alipunga mkono akiomba amani, akatoa sigara, akamwambia yule askari atuhesabu yeye, akatoka nje kuivuta.

Kicheko kikatoka naye. Askari akabaki.

Hakuwa amecheka hata kidogo. Alitutazama mmoja mmoja, na aliona vizuri, alikuwa na macho. Aliona kile kivimbe kidogo chini ya blanketi kikipumua. Mkono wake uliinuka, kidole mbele, tayari kuanza kwa Mama. Halafu kidole kikajikunja, chenyewe, kama changu.

Akasema polepole, kwa lugha yetu ya nyumbani, "Kukhu, wako wote wapo?"

"Wapo, baba," Kukhu akajibu.

"Haya."

Akageukia ukuta. Hapo palikuwa na misumari, na kwenye misumari vikombe vyetu vya bati: cha Baba, cha Mama, changu. Kukhu alinywea kibuyu chake na binamu zangu walipokezana mkebe. Askari aliviendea vile vikombe na kuvigusa taratibu. Kimoja, viwili, vitatu. Akatoka nje, akapiga kisigino chini, akasema kwa Kiingereza cha kambini kwamba ni watatu, bwana, na mtoto mchanga. Mzungu, bado akijifuta machozi ya kicheko, aliandika hivyo bila kutazama ndani tena.

Viatu vikaenda chumba kilichofuata.

Mama alilia bila sauti. Kukhu hakulia. Alingoja mpaka safu yote iliponyamaza, akaushusha ungo, akaita watu wa vyumba viwili kama alivyopanga asubuhi. Tukaja. Kila mtu akachukua kipande chake, hata Josefu, ambaye alikishika bila kukila.

Vipande vikabaki. Tulisimama tukivitazama. Hakuna aliyesema ni vingapi.

"Hivi vina wenyewe," Kukhu akasema. Akavifunika kwa kitambaa, akamwachia Mama Josefu kazi ya kumwangalia Mama, akajifunga Simiyu vizuri. "Stesheni si mbali."

Tuliwakuta pale wameketi juu ya sanduku lao, dada yake Mama Josefu na watoto, wakingoja garimoshi la kwenda magharibi ambalo wangelipata kesho yake. Jua lilikuwa bado halijazama, vumbi jekundu limesimama hewani. Watoto walikula wakiwa wamefumba macho. Josefu alibaki mbali, amekumbatia nguzo.

"Josefu," yule mama akaita. "Njoo hapa, baba. Nilikusikia. Ulisema Kiingereza kizuri sana."

Ndipo akaangua kilio, na yule mama akamvuta akamkalisha sandukuni kati ya watoto wake. Alikaa nao mpaka tukaondoka.

Simiyu aliishi. Leo ni mzee mwenye kitambi, ameshanivunjia viti viwili, na kila Krismasi ananiambia chakula changu hakina chumvi. Askari hatukumwona tena. Nilipokua kidogo nilimuuliza Kukhu kama yule bwana alituonea huruma, au aliogopa tu kutuhesabu, kama nilivyoogopa mimi. Alifikiri.

"Alilelewa," akasema.

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi. Sasa mimi ni mtu wa jukwaa, nalipwa kwa kufanya mbele ya watu kile nilichofanya mbele ya mlango ule, na watu husema eti ni kipaji. Akilini mwangu yule anayesikiliza nilimpa mkia na macho mekundu nilipokuwa mdogo, na baada ya siku ile nikampa soksi hadi magotini. Baadaye nilikuja kujua kwamba Kukhu alikuwa msichana walipokuja kwao kuhesabu nyumba, na waliohesabu nyumba wakarudi kwa kodi, na waliohesabu vijana wakarudi na kamba za kuwafunga na kuwapeleka vitani. Kwa hiyo sijui kama ile ilikuwa imani ya mizimu au ni kumbukumbu tu. Pengine kwake hapakuwa na tofauti. Mimi nilisoma, siamini kwamba kuna kitu kinachosikiliza gizani. Lakini mwenye ukumbi akinituma nichungulie pazia nimwambie wameingia wangapi, mimi humwambia wamekuja, basi. Anadhani natania.

Krismasi nyumbani kwangu napika chapati. Ninawaza sura ninapozisukuma, huyu, na huyu, na yule mkorofi, kisha naita. Mwaka jana, kila mtu alipokwisha kuchukua, moja ilibaki kwenye sahani. Simiyu akanyoosha mkono.

"Acha, ina mwenyewe," nikamwambia.

Kukhu tulimzika miaka mingi iliyopita. Niliifunika ile chapati kwa kitambaa, nikaiacha pale ikiwa bado na joto.