Kifuniko cha Sufuria

Kila nikikuna nazi, harufu yake hunirudisha kijijini Ganda, siku shangazi yangu alipotolewa kwenye makao ya wenye ulemavu wa akili, alikokaa tangu utotoni, akaja kuishi nasi. Tulizunguka sinia la wali wa nazi. Yeye alikunja mikono tu.

"Kula, mwanangu," nyanya alimwambia.

"Kengele bado."

Nyanya akachukua mwiko, akagonga kifuniko cha sufuria. Ndipo shangazi akala. Ikawa hivyo kila siku.

Halafu mchana mmoja nyanya alipakua, akapotelea kwa jirani kupiga soga. Sisi watoto tulikuwa tukicheza uani, tukasikia kifuniko kikilia. Shangazi alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Njooni mle! Wali unapoa!"

Tukaja mbio sote, nyanya nyuma yetu.