Mluzi wa Wafalme wa Tenerife

Mahari ya kijana wa jirani yangu niliirudisha nyumbani kwa mluzi mmoja, na sikuwa hata nimevaa viatu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Garissa wenzangu hurauka kwenda soko la mifugo. Mimi hufika mlangoni, nikalitazama jua, nikarudi kulala. Simu ndiyo iliyonifunza habari za Waguanche wa kisiwa cha Tenerife, huko mbele ya Moroko: wafalme tisa kisiwa kimoja, na wote watu wa mbuzi. Wahispania walipokuja kuwateka, baadhi ya wafalme walipatana nao, wengine wakakataa. Siku moja wavamizi walikuwa wakipita bondeni na mifugo waliyopora. Wenye mifugo wakapiga mluzi kutoka juu. Mifugo ikautambua, ikageuka, ikawavuruga askari, na vita vya siku hiyo wafalme wakashinda.

Nani asome hayo atulie? Kila alasiri nikawa napiga mluzi uani na kuwatupia mbuzi wa jirani maganda ya tikitimaji. Haukupita muda, wakawa wanakuja mbio kabla sijamaliza pumzi. Nikajiona mfalme wa kumi.

Kisha wakaja wakwe kutoka Ijara kuchukua mbuzi wa mahari. Dua ikasomwa, mbuzi wakaswagwa kuelekea kwenye lori. Mimi nikabaki mkekani na mjomba wa bibi harusi, mzee mwenye ndevu za hina, namsimulia vita vya bondeni.

"Mluzi gani huo?" akauliza.

Nikamwonyesha.

Mbuzi wakageuka. Wakapita katikati ya wakwe, wakaangusha chupa ya chai, wakasimama mbele yangu wakidai maganda. Ndoa huvunjika kwa madogo kuliko kumnyang'anya mkwe mahari mbele ya macho yake. Bwana harusi akashika kichwa.

Mzee akaitazama miguu yangu mitupu. "Na hao wafalme, mwisho wao?"

"Wahispania walirudi, adeer. Wakachukua kisiwa chote."

"Basi na sisi tunarudi," akawaambia wenzake. "Shikeni mbuzi."

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Mimi nikatangulia hadi kwenye lori na beseni la maganda, mahari ikinifuata. Jirani alikuwa akiningoja pale.

"Wafalme wako walirudisha mbuzi ya kuibwa," akasema. "Wewe umerudisha mbuzi nimetoa kwa mkono yangu. Harusi njoo, lakini hiyo mdomo uache nyumbani."