Msimu wa Pili Mwananyamala

Nilitoka nyumbani Kipawa kwa sababu ya ujumbe wa Editha. "Msimu wa pili umetoka, ninao kwenye flashi, na umetafsiriwa. Jumapili njoo tuangalie. Jumatatu naondoka." Editha nilisoma naye sekondari Manzese. Sasa amepata kazi ya kufundisha Kigoma, na kuna neno ambalo nimekaa nalo tangu kidato cha nne bila kumwambia. Mtu mwingine angeona ni mwaliko wa kawaida. Mie niliukalia ujumbe ule siku nzima. "Tuangalie" ni mie na yeye, au mie, yeye na umati? Na Jumatatu kaitaja kwa nini? Anaaga, au ananihimiza?

Asubuhi ya Jumapili nilibadilisha shati, nikabadilisha tena, nikarudia lile la kwanza. Dada yangu alikuwa uani anaanika nguo.

"Unaenda intavyuu Jumapili?"

"Naenda kuangalia tamthilia ya Kijapani."

"Na hiyo pafyumu, Wajapani wataisikia?"

Njia nzima hadi Ubungo nilijinusa kwa siri.

Ubungo nilipanda basi la mwendokasi. Nilipaswa kwenda moja kwa moja hadi Magomeni, lakini milango ilipofunguka Manzese nikajikuta nimeshuka. Nilitaka kuliona banda la video. Pale, nyuma ya mafundi wa vitanda vya chuma, ndipo tulipoangalia msimu wa kwanza, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi yaliyotuchana sare. Mtafsiri alikaa pembeni ya runinga na maikrofoni yake. Kijapani alikuwa hakijui, lakini hilo halikumzuia. Mvulana wa kwenye tamthilia alimbatiza Shabani, msichana akamwita Mwanahawa. Shabani alikuwa anawahi shule kabla ya wote, afagie darasa, ili Mwanahawa akifika amkute peke yake. Kila akitaka kusema linalomsumbua, anajikwaa kwenye ndoo. Siku ya mwisho hakujikwaa. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kengele ya shule ikalia. Mtafsiri akapaza sauti: "Msimu wa pili, jamani! Anayetaka kulia akalie kwao!"

Msimu wa pili haukuja. Tulimaliza mitihani, na siku ya mwisho getini mie nami nilivuta pumzi, nikafungua mdomo, nikamwambia Editha, "Haya, tutaonana msimu wa pili." Akacheka. Nimeufikiria mcheko ule kupita mitihani yangu yote ya chuo.

Banda sasa ni la kinyozi. Lakini mama wa mihogo ya kukaanga yupo palepale, na karai lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We si yule wa benchi la mbele, na yule binti mrefu?"

"Ndiye mie."

"Ulimuoa?"

"Bado."

"Bado!" Akageuza mihogo. "Na huyo binti anajua kwamba ni bado, au anajua ni basi?"

Nikamuuliza mtafsiri yuko wapi. Kumbe alirudi kwao Tanga, banda lilipofungwa. Mama akanifungia mihogo yenye pilipili nyingi, ile aliyoipenda Editha. Kisha nikaanza kuhofia kwamba itafika imepoa.

Magomeni nilibadilisha basi, nikashuka Mkwajuni, nikaingia Mwananyamala kwa miguu. Nilipita kwa kina Editha mara ya kwanza nikaenda hadi kona, kutafuta pumzi, ndipo nikarudi kupiga hodi. Mlangoni palikuwa na jozi tatu za ndala za kike. Basi, "tuangalie" ilikuwa ya umati.

"Deo! Karibu, umenenepa!" Editha alisema. Sikuwa nimenenepa. Alinipokea mfuko, akaunusa. "Mihogo ya Manzese! Mama, huyu kapitia Manzese!"

Niliwaamkia mama yake, mwalimu mstaafu, na shangazi yake, Shangazi Rozi, aliyekuwa amekalia nafasi pekee iliyobaki karibu na Editha. Kando ya mlango lilikuwa begi limeshafungwa, juu yake godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Nililitazama godoro lile zaidi kuliko runinga.

Tamthilia ilianza, na sauti ya mtafsiri haikuwa yenyewe. Ilikuwa ya kijana mwingine, anayekimbiza maneno kama mtangazaji wa mpira redioni. Shabani kawa Brayani. Mwanahawa kawa Jeni.

"Brayani ndiyo nani?" Shangazi aliuliza. "Shabani wetu kabatizwa lini?"

"Simtaki huyu," Editha alisema. Akachukua rimoti, akazima sauti. "Deo, kama zamani. Wewe Shabani."

Zamani, wakati wa mapumziko, tulikuwaga tunayaigiza na kuyatafsiri upya yote barazani shuleni, mie Shabani, yeye Mwanahawa. Sharti lilikuwa moja, la kwake, maana mtafsiri wa banda alikuwa anaongea hata watu wakiwa wamenyamaza: mdomo wa mwigizaji ukifungwa, mtafsiri anyamaze.

Tukaanza. Mihogo ikapita, Shabani akajikwaa kwenye ndoo, nikapiga yowe lake, na Mama Editha akacheka hadi akavua miwani. Kwa muda ule tulikuwa tena watoto wa sare zilizochanika.

Ndipo ikaja sehemu ya makabati ya viatu vya wanafunzi, mlangoni mwa shule ile. Shabani amesimama na kiatu kimoja cha Mwanahawa mkononi. Kengele haikulia. Mdomo wake ukafunguka, na zamu ilikuwa yangu.

"Mwanahawa," nikasema, "nilikuwa nawahi shule si kwa ajili ya kufagia. Nilitaka nikuone kabla ya watu. Hata leo nimetoka Kipawa..."

"Kipawa ya Japani hiyo?" Shangazi akadakia.

"Wifi, nyamaza," Mama Editha alisema taratibu. "Nataka kumsikia huyu kijana."

Mdomo wa Shabani bado ulikuwa unacheza. Nikamalizia: "Nakupenda tangu kidato cha nne. Sikutaka uondoke hujui."

Mdomo ukafungwa. Nikanyamaza. Picha ikahamia kwa Mwanahawa, na Mwanahawa hakufungua mdomo. Alikuwa anatazama tu. Wajapani wanajua kutazama. Editha naye kimya, rimoti mapajani, kwa mujibu wa sharti. Nikasikia friji ikiunguruma. Nikaanza kupanga jinsi ya kuaga bila kuligusa lile godoro.

"Shabani," Editha akasema, "Kigoma treni inafika. Likizo uje. Na uje na mihogo."

"Mdomo wa binti umefungwa huo!" Shangazi alilalamika.

"Najua," alisema Editha.

Jioni alinisindikiza hadi Mkwajuni. Njiani tulibishana kama mihogo inaweza kufika Kigoma bila kuharibika. Mwendokasi ulipopita Manzese nilimwona mama wa mihogo akifunika karai, nikampungia kupitia kioo. Hakuniona.

Nilichojifunza ni kidogo. Miaka yote nilikuwa nasubiri picha ikae sawa ndipo niseme, na kumbe yeye mwenye sharti alikuwa tayari kulivunja. Nilipofika Kipawa simu ikalia, ujumbe wa Editha: "Umefika?" Sikuutafakari. Nikajibu, "Nimefika."